Vuli Yaingia Mida, Wageni wa Oman Warejea

Kusi ikishalegea, mashua za Watamu huweza tena kutoka nje ya mwamba bila kurudishwa na mawimbi, na wakati huohuo Hori ya Mida huanza kupokea wageni wake wa kila mwaka. Wa kwanza hufika Agosti. Kufikia katikati ya Oktoba, mawingu ya vuli yakijikusanya upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke, matope ya Mida huwa yamejaa ndege kila maji yakupwapo. Wametoka Siberia, Asia ya Kati, Ulaya na nchi za Ghuba, kila aina na mdomo wa urefu wake, na kila mdomo na chakula chake matopeni.

Kwa wenye hoteli huu ni msimu wa kusubiri Krismasi. Kwa mashirika madogo ya uhifadhi yaliyoko Watamu na Gede ni miezi ya pilikapilika: kuhesabu ndege na kuwavisha pete, kuokota plastiki ufuoni, kung'oa mitego msituni, kupanda mbegu kabla mvua haijapita, na kuanza kupiga hesabu ya karo ya Januari. Hilo la karo ndilo lililonivuta kuandika makala hii, nami nitalifikia. Kwanza ndege.

Yule anayewafanya watu wasahau kushusha darubini ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu-samawati na mdomo mweusi mnene ambao haufanani na wa ndege mwingine yeyote wa matopeni. Jina lake la kisayansi ni Dromas ardeola, na hana ndugu: katika familia yake nzima yuko peke yake. Hapa nitamwita mla-kaa, kwa kuwa ndiyo kazi yake kutwa. Kaa mdogo humeza mzima. Mkubwa humvunjavunja kwanza.

Mla-kaa hazaliani Kenya. Huzaliana visiwani na kwenye fuo za Oman, Falme za Kiarabu, Iran na Bahari ya Shamu, tena katika miezi ya joto kali ambayo hata wenyeji wa huko hukimbilia kivulini. Hajengi tago. Huchimba shimo mchangani, refu kuliko mkono wa mtu, na mwisho wa shimo hilo jike hutaga yai moja jeupe. Jamaa zake wa mbali kama kitwitwi hutaga juu ya ardhi mayai yenye madoa, yasionekane na adui. Hili liko gizani, madoa ya nini? Watafiti waliochunguza mashimo hayo wamekuta kuwa joto la mchanga hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kulalia, kiasi kwamba wazazi wanaweza kuliacha yai saa nyingi wakaenda kula.

Mwenye mtoto mmoja humlea muda mrefu. Kinda wa mla-kaa husafiri na wakubwa wake zaidi ya kilomita 3,000 kushuka mpaka pwani yetu, na akifika bado anaomba kulishwa. Ingia kwenye kibanda cha kutazamia ndege pale Mida mwezi wa Novemba, maji yanapoanza kukupwa, utamwona: kijana wa rangi ya kijivujivu, kimo sawa na mamaye, ameinamisha kichwa na kumfuata nyuma akilialia kama mwanafunzi wa kidato cha nne anayeomba nauli ya kurudi shuleni. Mara hupewa, mara hupuuzwa. Hali hiyo huendelea kwa miezi.

Njia hiyo ya kutoka Oman mpaka kwetu msomaji wa pwani anaijua kwa sababu nyingine. Majahazi ya Sur na Maskati yaliifuata karne kwa karne, yakisukumwa na kaskazi. Tofauti ni kwamba mla-kaa hangoji kaskazi itulie, huwahi.

Kibanda nilichokitaja, pamoja na njia ya mbao inayokifikia, ni matunda ya kazi ya A Rocha Kenya na jamii za Mida. A Rocha ni shirika la Kikristo la uhifadhi lililozaliwa Ureno mwaka 1983. Tawi la Kenya lilianza 1999, na makao yake ni kituo cha Mwamba, ufuoni Watamu. Ni shirika dogo, ukililinganisha na yale makubwa ya Nairobi yenye magari meupe na vikao vya hotelini. Pengine udogo huo ndio umelilazimisha kuishi karibu na watu.

Kazi yake inayozungumzwa zaidi na wataalamu ni ya kuvisha ndege pete. Kazi hii hutaka mambo mawili yakutane. La kwanza ni bamvua, maji yanapojaa mpaka yakafunika matope yote na kuwabana ndege kwenye vipande vichache vya mchanga. La pili ni usiku usio na mbalamwezi, ndege wasiuone wavu. Mwezi unapoandama, yote mawili huja pamoja, na kwa hiyo anayepanga usiku wa kuvisha pete hutazama kalenda ileile anayoitazama mvuvi.

Wavu wenyewe ni wa nyuzi nyembamba mno, umesimamishwa kwa miti miwili. Ndege akinaswa hutolewa kwa vidole vya mtu aliyefunzwa, hutiwa katika kifuko cha kitambaa ili atulie, kisha hupelekwa penye taa. Pete ya chuma chepesi, yenye nambari na anwani ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi, hubanwa mguuni kwa koleo. Bawa hupimwa kwa rula. Mdomo hupimwa. Ndege hupimwa uzito. Manyoya makubwa ya bawa hukaguliwa moja moja: lipi la zamani, lipi jipya, lipi ndiyo kwanza linachipua. Kisha mpimaji humpuliza kifuani, manyoya yakaachana, akatazama mafuta yaliyolala chini ya ngozi na kusoma tarakimu kwa sauti, mwenzake akiandika. Baada ya hapo ndege huachiwa, akapotea gizani.

Mafuta hayo si jambo dogo. Miongoni mwa wageni wa Mida yumo chamchanga mmoja mwenye mdomo uliopinda kidogo ambaye huzaliana kaskazini kabisa ya Siberia, mahali penye kiangazi cha wiki chache tu. Ni ndege mwepesi, na kutoka huko mpaka Mida ni zaidi ya kilomita 8,000. Hufika kwetu amekonda. Hukaa miezi sita akichokoa matope ya Mida, mpaka Aprili awe amejaza tena akiba ya safari ya kurudi. Matope yakiharibiwa hapa, yai halitagwi kule.

Safari hizo huadhimishwa rasmi Jumamosi ya pili ya Oktoba, ambayo ni Siku ya Ndege Wahamao Duniani. Nyingine huwa Mei, kipindi cha safari ya kurudi kaskazini. Watazamaji wa ndege katika nchi nyingi huzitumia siku hizo kuhesabu walichokiona na kukituma kwa simu. Kenya tuna ramani yetu, Kenya Bird Map, iliyoanza 2013, ambamo mtu wa kawaida aliyejifunza kutofautisha ndege wa kwao anaweza kuongeza alichokiona. Kwa waendesha boda wanaopitisha siku nzima njia panda ya Gede, hii ni ajira ya bure ambayo hakuna aliyewahi kuwaomba waifanye. Ningependa waombwe.

Kidogo kaskazini, kwenye mlango wa mto Sabaki nje ya Malindi, kuna mabadilishano mengine msimu huu. Wapo ndege weusi-kahawia wa Madagaska ambao hukaa pale kuanzia Aprili hadi Septemba, wakikwepa baridi ya kwao. Wanaondoka wakati wale wa kaskazini wanaingia. Mchanga mmoja, wapangaji wawili, na hawagombani.

Turudi Mida, kwenye ile njia ya mbao. Ina urefu wa mita 260 hivi na imening'inizwa katikati ya mikoko, michu na mikandaa, hivyo hutikisika. Ukiwa katikati, mtu akiingia mwanzoni unajua kabla hujamwona. Maji yakiwa yamekupwa, chini yako kuna kaa wadogo wenye gando moja kubwa kuliko jingine, wanalipunga juu na chini, na ukikohoa wote wanaingia mashimoni kwa pamoja. Mwisho wa njia mikoko inaachana na mbele yako kuna matope matupu mpaka upande wa pili wa hori.

Mgeni hulipa kiingilio. Tangu 2001, fedha za wageni pamoja na michango ya wafadhili zimekuwa zikiingia katika mpango uitwao ASSETS, ambao huwasaidia karo watoto wa sekondari wanaotoka kwenye familia zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na Hori ya Mida. Mamia wamesomeshwa. Mzazi wa mtoto aliyepata hahudhurii sherehe ya kupokea hundi na kwenda zake. Hutarajiwa kupanda miti, kufika kwenye mikutano ya mafunzo na kuuacha msitu usimame.

Nimesoma mabango mengi ya uhifadhi maishani mwangu. Mengi humwambia mtu wa kijijini asikate mti na kumweleza faida za mti kwa vizazi vijavyo. Hayajibu swali lake, ambalo ni la kizazi kilichopo. Anayeishi Mida, Dabaso au Kahingoni anajua faida za msitu kuliko mwandishi wa bango. Anajua pia kwamba Januari shule itamrudisha mtoto nyumbani, na kwamba fito, makaa na magogo ya mbambakofi yana mnunuzi asiyeuliza maswali. Kati ya kisa cha kukata mti na shoka lenyewe kuna karo. Mpango unaoishika karo umeushika mti, bila kuusema.

Lakini tusiupake mpango huu rangi kuliko unavyostahili. Fungu lake hutegemea wageni, na wageni wa pwani huondoka kwa habari moja tu mbaya. Baada ya mashambulizi ya kigaidi ya miaka ya 2013 hadi 2015 na maonyo ya usafiri yaliyofuata, hoteli kadhaa za pwani zilifungwa milango. Mwaka 2020 korona ikausimamisha utalii kabisa. Na hata katika mwaka mzuri, mtoto mmoja hupata, wa jirani hukosa, na shoka la jirani halichagui mti. Shirika la hisani haliwezi kuwa wizara ya elimu.

Kwa upande wa bahari kuna jirani wa A Rocha, Local Ocean Conservation, lililoanzishwa 1997 na wakazi wa Watamu kulinda viota vya kasa. Mwaka uliofuata lilianza jambo ambalo wengi waliliona la ajabu: kumpa mvuvi kitu kidogo kwa kila kasa aliyemnasa kwa bahati mbaya na akamtolea taarifa badala ya kumchinja.

Fikiria alfajiri ya mvuvi. Anavuta wavu, unakuja mzito, moyo unaruka. Kumbe ni kasa, amejizungusha mpaka nyuzi zimekatika. Hana samaki wa kuuza, wavu unahitaji siku ya kushonwa, na mikononi mwake kuna nyama ambayo babu yake aliila bila kuulizwa na mtu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamwambia akiila atafungwa au atatozwa faini asiyoweza kuilipa. Hiyo ni kweli, ila sheria haishoni wavu.

Sasa hupiga simu. Timu hufika kwa gari, kasa anapimwa gamba kwa futi ya kitambaa, anakaguliwa macho, shingo na mapezi kutafuta uvimbe unaowashambulia kasa wengi wa siku hizi, anafungwa kibandiko chenye nambari pezini, na akiwa mzima anarudishwa baharini ndani ya hifadhi. Mvuvi analipwa kiasi cha kufidia simu, muda na usumbufu. Zaidi ya kasa 20,000 wameokolewa kwa njia hiyo tangu 1998. Idadi hiyo ni ya matukio. Kasa mmoja anaweza kunaswa mara kadhaa, ndiyo maana ya ile nambari pezini.

Wapo waliohofia tangu mwanzo kwamba ukimlipa mtu kwa kasa, atawatafuta kasa. Hofu hiyo ina maana, na jibu lake liko katika kiasi: malipo yakiwa madogo kuliko thamani ya siku ya uvuvi, hakuna atakayeacha samaki akafukuze kasa. Yakizidi, hesabu itageuka. Mashirika yanayotaka kuiga mpango huu kwingineko yaanze na hesabu hiyo kabla ya kuchapisha fulana.

Kasa wagonjwa hupelekwa kwenye kliniki ya shirika hilohilo. Kasa aliyemeza plastiki utamjua kwa kuelea: tumbo limeziba, gesi imejaa, upande mmoja wa gamba uko juu ya maji, na hata akipiga mapezi hazami. Kasa asiyezama hawezi kula majani ya bahari, na mashua ikipita hawezi kuikwepa. Matibabu ni ya polepole. Hupewa dawa ya kulainisha tumbo, huwekwa tangini, na wahudumu hukagua choo chake kutafuta alichomeza. Hapo ndipo hutoka vipande vya mifuko, nyuzi za kamba na vifuniko. Kazi hii haina picha nzuri ya kuwatumia wafadhili, lakini ndiyo inayoeleza kwa nini kila Jumamosi ya tatu ya Septemba, siku ya kimataifa ya kusafisha fuo, watu huonekana wameinama ufuoni na magunia.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na kuanzia 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja hazitakiwi ndani ya hifadhi, fuo za hifadhi zikiwemo. Mifuko imepungua, hilo linaonekana kwa macho. Chupa bado. Utafiti uliofanywa kwenye fuo za Kenya umekuta baadhi ya chupa hizo zimetoka Asia ya Kusini-Mashariki, zimevuka bahari nzima kwa mikondo. Nyingi, hata hivyo, zina nembo za maji tunayoyanunua sisi stendi ya matatu.

Vuli ni pia msimu wa shamba, na hapa A Rocha hufanya jambo ambalo mgeni wa ndege hataliona. Huwafundisha wakulima kuacha kulima kwa kugeuza udongo wote, wachimbe mashimo ya mbegu kwa vipimo, waweke samadi humo, na wafunike shamba kwa nyasi na mabua yasiyochomwa. Udongo wa Kilifi hukauka haraka. Nyasi hizo hushika unyevu siku kadhaa zaidi mvua ikikatika. Siku hizo kadhaa huweza kuamua kama mahindi yatabeba. Na mvua yetu hukatika: vuli za 2020, 2021 na 2022 zote zilikuwa mbovu mfululizo, kisha ya 2023 ikaja na mafuriko ya El Niño. Mkulima aliyevuna anao muda wa kutafakari habari za ndege. Aliyekosa anawasha tanuri la makaa.

Makaa mengi ya eneo hili hutoka Dakatcha, kaskazini-magharibi mwa Malindi, penye miti ya mrihi na vinamasi vinavyojaa mvua zikinyesha kwa wingi. Huko kuna kwera wa manjano na mweusi, kwera wa Clarke, asiyepatikana mahali pengine popote duniani isipokuwa Kaunti ya Kilifi. Miongo mingi wataalamu walijua ndege na hawakujua kiota. Walimwona Arabuko-Sokoke, walimwona Dakatcha, halafu msimu wa kuzaliana anatoweka. Kiota kilipatikana 2013, kwenye kinamasi cha msimu huko Dakatcha, kwa juhudi za Nature Kenya, A Rocha na vikundi vya wenyeji. Ikawa wazi kwamba ndege huyu hungoja kinamasi kijae. Kikilimwa nanasi au kikikauka, hana pa kwenda.

Mashirika hayo yameanza kununua vipande vya ardhi Dakatcha ili visikatwe. Naelewa kwa nini. Nisingekuwa na wazo bora. Ila Kilifi ni kaunti ambayo maskwota wamesubiri hatimiliki tangu uhuru, na kwa hiyo shirika la hisani linalonunua ardhi kwa ajili ya ndege lazima lijue linakanyaga wapi. Likiweka uzio kabla ya kuweka mazungumzo, litapoteza ndege na majirani pamoja.

Msitu wa Arabuko-Sokoke wenyewe, kilomita za mraba 420 hivi, ndiyo mabaki makubwa kuliko yote ya msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi urefu wa kiganja na vidole, hulala mchana kwenye vichaka vya udongo mwekundu, na sange mwenye kiuno cha dhahabu hukimbia juu ya majani makavu kwa kelele zisizolingana na umbo lake. Doria za kung'oa mitego ya waya huendelea mwaka mzima, za askari wa serikali na za watu wa kujitolea. Mtego uliotegewa digidigi humnasa pia paa nunga, aliyebaki katika sehemu chache tu za Kenya na Zanzibar. Waya hausomi orodha za wanyama walio hatarini.

Lile daftari la vipimo vya ndege wa Mida linaweza kuonekana mchezo wa wenye nafasi. Lilikoma kuwa mchezo pale jina la Uyombo lilipotajwa. Uyombo ni kijiji kando ya Hori ya Mida, na wakala wa serikali wa nishati ya nyuklia ulipachagua kuwa mahali pa kujenga mtambo wa kwanza wa nyuklia wa Kenya, wa megawati 1,000, uliotarajiwa kuanza kazi 2034. Wakazi waliandamana. Mei 2024 wakakabiliana na polisi. Hoja zao zilikuwa za ardhi, za uvuvi, za makaburi ya wazee wao, za utalii, na za hori yenyewe, iliyomo ndani ya hifadhi ya bahari ya tangu 1968 na hifadhi hai ya UNESCO iliyotambuliwa 1979. Kufikia 2025 mazungumzo ya serikali yalikuwa yamehamia Siaya.

Sidai kwamba wala-kaa ndio waliouhamisha mtambo. Waliouhamisha, kama kuna aliyeuhamisha, ni watu waliokaa barabarani wakavuta gesi ya machozi. Lakini mtu anapoulizwa kuna nini Mida zaidi ya matope, ni vizuri kuwa na jibu lenye miaka zaidi ya 20 ya hesabu nyuma yake. Ramani iliyorudishwa kabatini huweza kutolewa tena, kwa mtambo huo au kwa hoteli, kwa bandari au kwa mashamba ya chumvi. Serikali inayotaka kuhamisha watu na ndege huja na tarakimu. Kijiji kisicho na tarakimu zake kinabaki na kilio tu.

Kuna jambo moja linalonikera katika habari hii yote. Vitabu vya wageni vya mahali kama Mida kwa muda mrefu vimejaa majina ya Kijerumani, Kiitaliano na Kiingereza. Sisi wa Mombasa, Kilifi na Nairobi tunakwenda Watamu kila Desemba, tunakula sambusa za kaa pale Dabaso, tunapiga picha jua likizama, tunarudi. Njia ya mbao tunaipita kwa gari. Kisha tunalalamika kwamba uhifadhi ni mambo ya wazungu. Utakuwa wao tu maadamu ni wao tu wanaokata tiketi, na karo ya mtoto wa Mida itaendelea kutegemea balozi gani ameandika onyo gani la usafiri.

Basi vuli hii, ukiwa na wikendi moja, nenda. Uliza kwanza saa za maji. Fika yakiwa ndiyo yanaanza kukupwa, kwa kuwa yakijaa kabisa hutaona kitu na yakikauka kabisa ndege wako mbali. Jioni ni bora, na baadhi ya jioni utawaona pia keremkerem wekundu wakiingia kulala mikokoni kwa makundi. Lipa kiingilio na uombe risiti. Chukua mwongoza wageni wa hapohapo, umpe haki yake, umwache akuonyeshe kinda wa mla-kaa. Watoto wakipiga kelele kwenye mbao, waambie kaa wamekimbia. Njia ya kuingilia iko kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, kabla ya kufika Gede, upande wa bahari.